Kiboko na Maneno ya Zamani ya Pampu

Niwape, nisiwape?

Tupe, tumeshakaa.

Basi sogeeni, na wadogo wapisheni mbele.

Wanyama walikuwa na kisima, na pampu yake ilitii kompyuta. Ukiandika TEKA, inateka, kho-kho-kho. Ukiandika MIMINA, inamimina, chururu. Hayo yalikuwa maneno ya zamani, na Bi Kobe hakujua mengine.

Pimbi, fundi mdogo wa kompyuta, akaiongezea neno jipya. Ukiandika MAJI tu, inateka na kumimina. Vijana wakafurahi. Bi Kobe akaendelea na maneno yake, na pampu ikamtii vilevile.

Kiboko, msimamizi wa kisima, akamwita Pimbi na kumwamuru afute maneno ya zamani. Alitaka wazee waje kwake awaandikie, na kila mzee aje na boga.

"Niyafute popote yalipo, Bwana Kiboko?"

"Popote. Usinifundishe kazi, wewe panya usiye na mkia."

Pimbi akafuta TEKA. Akafuta MIMINA.

Kulipokucha Bi Kobe akaandika TEKA. Pii, kimya. Akaandika MIMINA. Pii, kimya. Akageuka na kibuyu kitupu. Pimbi akamkimbilia, akaandika MAJI, akamjazia.

Jua likapanda. Dimbwi la Kiboko likashuka hadi magotini, likashuka hadi vidoleni. Mgongo ukaanza kupasuka, akamwita Pimbi kwa kilio.

Pimbi akamweleza kwamba amri ya kujaza dimbwi iliandikwa kwenye kompyuta na marehemu babu yake Kiboko: kila alfajiri TEKA, kisha MIMINA, tena na tena, mistari elfu.

"Iandike upya kwa maneno mapya."

"Naweza, Bwana, ila babu aliandika ndefu. Nitamaliza mvua zikianza. Kuyarudisha ya zamani ni sasa hivi."

"Yarudishe, kwangu peke yangu."

"Pampu haioni anayeandika ni nani."

Bi Kobe, ambaye hakuwa amefika mbali, akasogea polepole, akammiminia mgongoni maji ya kibuyu chake, yote.

"Pole, mwanangu," akasema.

Kiboko akainamisha kichwa. "Yarudishe kwa wote."

Kho-kho-kho. Chururu. Tangu hapo vijana huandika MAJI, wazee huandika TEKA na MIMINA, na maboga kila mtu hula kwake.

Ngano yangu imefika, mliokaa simameni.

Na funzo lake, wanangu: mkubwa akisema futa, futeni, tena futeni vizuri. Pimbi alikuwa mtiifu sana.