Mkuu wa Namatoro Hakukimbia

"Mwenye kovu usidhani kapoa." Ndivyo alivyowajibu Mzee Haule, aliyewahi kwenda vitani, asubuhi mlipomwuliza kwa nini haendi kwenye sherehe ya mashujaa, nanyi mmekuja kwangu kuuliza maneno hayo yalitoka wapi. Kaeni, wajukuu zangu. Nilivyoipokea mimi kwa bibi yangu, methali hii ilizaliwa hivi.

Palikuwa na vijiji viwili, Lihanga na Namatoro, vilivyopigania bonde moja la mto. Lihanga wakashinda. Namatoro ikachomwa moto, na mtoto mmojawapo, Nyambuka, akachukuliwa mateka, shavu lake limepasuliwa kwa mkuki. Hakuna aliyejali kuuliza alikuwa mtoto wa nani. Akakulia Lihanga, akaoa huko, akawa mfua majembe. Alikuwa mpole tena mcheshi, na jeraha lake likafunga.

Kila baada ya mavuno watu wa Lihanga walicheza vita vile uwanjani, ili watoto wao wasisahau. Mmoja alijifanya mkuu wa Namatoro: alikimbia, akachomwa mkuki wa mgongoni, akaanguka, watu wakacheka. Kila siku ya mchezo huo Nyambuka alikuwa haonekani. Alipanda mlimani peke yake, asirudi mpaka uwanja umetawanyika.

Songambele, mdogo wa mkuu wa kijiji, ndiye aliyeanza kunong'ona. "Anayejua kufua jembe hashindwi kufua mkuki. Huko mlimani anakutana na nani?"

Minong'ono ikaenea. Watu wakawa wanapeleka majembe mazima yakanolewe, wapate kuchungulia ndani ya kibanda chake. Mkewe akifika kisimani, mazungumzo yanakatika.

Mkuu mwenyewe, Malivata, hakutaka kuamini. "Ameishi nasi miaka yote hii," alisema. "Kovu limefunga. Amepoa." Ili awanyamazishe, akamwita Nyambuka, akamwambia kwamba mwaka ule yeye ndiye atakayecheza mkuu wa Namatoro.

Nyambuka akakubali.

Kukubali kule ndiko kulikozidisha hofu. Songambele aliagiza Nyambuka apewe fimbo badala ya mkuki, na kati ya watazamaji akapanga vijana wenye visu nguoni.

Siku ikafika. Ngoma zikalia, wachezaji wakamzunguka Nyambuka. Ulipofika wakati wa kukimbia, hakukimbia. Aliweka fimbo chini, akakunja miguu, akaketi.

Wapiga ngoma wakarudia mdundo. Hakuinuka. Vijana wa Songambele wakaanza kusogea.

"Inuka ukimbie," Malivata alimwambia.

"Mkuu wa Namatoro hakukimbia," Nyambuka akajibu. "Alikuwa ameketi hivi. Alikuja kuomba amani, silaha ameiweka chini, mimi amenipakata. Mkuki uliomwua yeye ndio ulionipasua shavu. Alikuwa baba yangu."

"Mwongo huyu," akasema Songambele. "Si niliwaambia? Anataka kutuchafulia ushindi wetu."

Kati ya wote waliopigana siku ile, Malivata peke yake ndiye aliyekuwa bado hai. Alimtazama mtu yule aliyekaa mavumbini, naye akaketi mbele yake.

"Huko mlimani huwa unakwenda kufanya nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kule ngoma hazisikiki."

Malivata aliinamisha kichwa. Alipokiinua, aliwageukia watu wake.

"Alikuwa ameketi," alisema. "Nilikuwapo. Tumecheza kwamba alikimbia, tukacheza, mpaka nami nikaamini." Kisha akamwambia mdogo wake, "Waite vijana wako warudi nyuma. Wewe ulimshuku, na mimi nilimsahau. Mwenye kovu usidhani kapoa."

Mchezo ule haukuchezwa tena Lihanga. Wako waliokasirika, wakasema mkuu amezeeka na akili zimemwacha. Songambele hakumwamini Nyambuka hadi anaingia kaburini. Hata jembe lake alilipeleka kijiji jirani likafuliwe huko. Lakini watoto waliozaliwa baada ya hapo walisimuliwa vita vile kama vilivyokuwa, na aliyewasimulia ni Nyambuka, Malivata akiwa ameketi kando yake, anasikiliza.

Basi kesho mkipita kwa Mzee Haule, msimwulize tena kwa nini haendi kwenye sherehe. Mwulizeni vita vyake vilikuwaje. Akitaka kusema, msikilizeni hadi mwisho. Asipotaka, mwacheni, msimnung'unikie. Mwenye kovu usidhani kapoa.