Tumbo la Kiboko Lililohama

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitika vizuri. Wewe Mwanakheri una muhogo shavuni, meza kwanza. Na nyinyi wazazi mlioegemea ukuta, msijifanye hadithi ni ya watoto. Ya leo inawahusu kuliko wao. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, matumbo yalipokuwa yakisema na kusikilizwa, palikuwa na Kiboko. Mama mtu mzima, mpana, mwenye bwawa lake. Mchana alizama majini, pua nje, jua lisimchome ngozi. Jua likishuka, Tumbo lake lilimwita: ngruu! Akatoka, akaenda kula nyasi. Akala, akala, akala. Tumbo likasema: bwee. Akaacha, akarudi nyumbani. Hakujua kama hilo ni jambo la kusifiwa. Alikuwa anaishi tu.

Siku moja akaja Korongo. Mnamjua Korongo. Ana miguu miwili lakini anasimama kwa mmoja, wa pili anauweka akiba. Alikuwa amesimama pale ukingoni Kiboko alipoingia bwawani, chubwi! Maji yakapanda, yakamlowesha Korongo goti.

"Shoga, umeona?" akasema Korongo.

"Nimeona nini?"

"Maji yamepanda."

"Si nimeingia mimi, shoga."

"Ndilo ninalosema. Mimi nikiingia, maji hayana habari. Wewe ukiingia, bwawa zima linajua."

Kiboko akaona haya. Miaka yote ameingia bwawani bila haya, siku hiyo akaziona.

"Sasa nifanyeje, shoga yangu?"

"Kula nyasi saba tu. Usile zilizoelekea kushoto. Usile zilizoguswa na upepo. Na ule umesimama kwa mguu mmoja."

"Na Tumbo likiniita?"

"Tumbo!" Korongo akacheka. "Tumbo lina akili gani? Halina hata macho."

Basi Kiboko akaanza kuhesabu. Nyasi moja, kwa mguu mmoja, pu! akaanguka. Akainuka. Nyasi mbili, pu! Nyani wakaja na watoto wao kutazama, wakaleta na vya kukalia.

Tumbo likaita: ngruu!

"Nyamaza," akasema Kiboko, "kuna wageni."

Ngruu!

Kiboko akachukua kamba ya ukindu, akalifunga Tumbo, akakaza fundo.

Siku ya nane uzalendo ukamshinda. Akala nyasi za bonde zima. Akala na za kushoto. Akala paa la nyumba ya Sungura, Sungura mwenyewe yuko ndani anakunywa uji. Akala kiota cha Korongo. Tumbo likasema bwee! Likasema bwee, bwee, bweee! Hakusikia. Alikwisha kuisahau sauti yake. Halafu akaketi, akalia, akajichukia kutoka masikioni hadi mkiani. Akaongeza fundo la pili.

Asubuhi yake Tumbo likafungua mafundo yote mawili kwa ndani. Likatoka. Likakunja mkeka wake, likajitwika, likashika njia, tupu, tupu, tupu. Msiniulize tumbo linatembeaje. Lilitembea. Na lilikuwa likiimba:

"Niliita, niliita,
hukuitika, hukuitika.
Nikasema ngruu, ukanifunga,
nikasema bwee, hukunisikia.
Kaa na nyasi zako saba,
nami nakwenda zangu."

Kiboko akafurahi! Korongo akafurahi, akapiga vigelegele kwa mdomo ule mrefu. Tumbo limekwenda, kelele zimekwisha. Kiboko akaenda kujitupa bwawani.

Hakuzama.

Alielea. Alikuwa mtupu ndani, akawa kama kibuyu. Akijikandamiza huku, anaibuka kule. Upepo ukimwingia mdomoni anavuma vuuu! na ng'ombe wa mbali wanadhani wanaitwa nyumbani. Nyani wakampanda, wakavukia ng'ambo, wakarudi, wakavuka tena bila sababu yoyote.

Wao walicheka. Lakini jua halikucheka. Jua lilimkalia mgongoni asubuhi hadi jioni, naye hana pa kuzama. Siku ya kwanza ngozi ikakauka. Siku ya pili ikapasuka. Siku ya tatu Kiboko akajua kwamba asipozama, atakufa. Akaogopa sana, maskini.

"Shoga," akamwita Korongo, "ninakufa."

"Punguza nyasi ziwe tatu."

"Sina hata pa kuziweka!"

"Basi umekaribia kupendeza," akasema Korongo, akabadilisha mguu.

Hapo akaja Fisi, anachechemea, amekasirika.

"Dada Kiboko, njoo uchukue mgeni wako! Tumbo lako limehamia kwangu siku ya tatu leo. Silali. Nikila mfupa, linasema bwee, imetosha. Nikila wa pili, bwee! Mimi hiyo imetosha siijui, na kwetu hakuna anayeijua. Mama yangu hakuijua. Litaniua!"

Kiboko akatoka majini. Akaenda akishika miti, mti huu, mti ule, upepo usije ukamchukua. Akafika kwa Fisi.

"Hodi!"

"Nani?" likasema Tumbo kutoka ndani.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi mwenye wewe."

"Mwenye mimi? Tangu lini?"

Kiboko akaketi mlangoni. Machozi yakamtoka, yakatiririka kwenye nyufa za uso wake.

"Nilikuonea haya," akasema. "Wewe hukunifanyia kitu. Uliniita, nikakufunga kamba. Nisamehe. Rudi, mwenzangu."

"Maneno matamu," likasema Tumbo, "lakini maneno hayaliwi. Twende kwenye nyasi. Mimi nitakaa pembeni. Nikiita, uje. Nikisema imetosha, uache. Tutaona huko huko."

Wakaenda. Tumbo likatandika mkeka juu ya kichuguu, likaketi. Jua likashuka.

Ngruu!

Kiboko akaenda. Akainama. Akang'oa. "Moja," akasema. "Mbili. Tatu."

Tumbo likaanza kukunja mkeka.

"Usiende! Nahesabu bila kutaka. Zinajihesabu zenyewe!"

Tumbo likafikiri. "Basi hesabu. Lakini ukipotea katikati, usirudi mwanzo."

Nne. Tano. Sita. Kumi na... ngapi? Kiboko akapotea. Hakurudi mwanzo. Akasikia ladha ya nyasi kwa mara ya kwanza tangu Korongo aje. Zilikuwa na ladha ya mvua, kwa pembeni kidogo chumvi. Zilizoelekea kushoto ndizo zilizokuwa tamu zaidi. Akala kwa miguu yote minne.

Nyasi zilikwenda wapi na Tumbo liko juu ya kichuguu? Kaulizeni wenye hadithi zenye akili.

Ghafla Kiboko akasimama. "Na usiposema bwee? Nikila bonde zima tena? Nikila na paa la Sungura?"

"Sungura ameezeka bati," likasema Tumbo. "Kula. Mimi nipo."

Kiboko akala akiwa na hofu. Akala, akasikiliza. Akala, akasikiliza. Kimya. Akala. Kimya. Halafu, polepole, kama mtoto anayesinzia:

Bwee.

Kiboko akaacha. Unyasi mmoja ulikuwa bado unaning'inia mdomoni. Akautazama. Akauacha uanguke.

"Na kesho?"

"Kesho nitakuita tena," likasema Tumbo.

Wakafanya hivyo siku tatu. Siku moja Kiboko alizidisha kidogo, akakimbilia kamba. Tumbo likamwambia, "Umezidisha, basi. Njoo ukae." Akakaa. Hakufa mtu. Siku ya tatu Tumbo likajitwika mkeka wake, likaingia ndani, likatandika mahali pake pale pale.

Kiboko akaenda bwawani. Nyani wakajipanga kuvuka. Akajitupa.

CHUBWI!

Akazama! Akazama mpaka chini kwenye tope baridi, ngozi yake ikanywa maji, akacheka huko huko chini, mapovu blubu, blubu, blubu. Bwawa likapanda, likawabeba nyani, likamlowesha Korongo magoti yote mawili, hata lile la akiba.

"Maji yamepanda!" akapiga kelele Korongo.

Kiboko akatoa pua. "Yamepanda kwa sababu nimerudi."

Korongo akafungua mdomo amjibu. Kabla hajajibu, pakasikika sauti ndogo, kavu, ya siku nyingi:

Ngruu.

Wote wakageuka. Korongo naye akageuka, akatazama nyuma yake. Nyuma hapakuwa na mtu.

"Si langu!" akasema.

Ngruu.

Kiboko akamtazama. Hakumcheka, maana yeye mwenyewe alipita hapo.

"Shoga," akamwambia, "unaitwa. Nenda."

Mafunzo yake ndiyo haya, na sitayazungusha: mwili wako ni mwenzako, si adui wako. Ukikuita, itika. Ukikuambia imetosha, uamini. Ukikosea leo, usiufunge kamba, kesho utakuita tena.

Hadithi yangu imetandika mkeka hapa, haiendi mbele wala nyuma. Na wewe Mwanakheri, huo muhogo uliobaki, usiniangalie mimi. Liulize tumbo lako.