Alama Nyekundu za Kijito Chetu

Hapo zamani, si zamani ya mababu, ni juzijuzi tu, Lugano wangu hajaota hata jino, maji ya kijito chetu yaligeuka rangi ya chai iliyochacha. Nisikilizeni, nisije nikasahau kitu.

Kila nyumba ya juu ilimenya kahawa, kila nyumba ikamwaga maganda ukingoni, mvua ikayashusha. Mimi naishi chini, sina hata mche mmoja. Lugano akanywa maji hayo, akaharisha, akalegea mikononi mwangu kama kitambaa. Utotoni niliyakinga maji hayohayo kwa viganja, ya baridi, nikaona kokoto chini. Nilitaka mwanangu ayaonje hayo. Hayo tu.

Basi akaja Ambokile, kijana wa hapahapa, kashika simu ya kuchorea ramani ya uchafu. Anatembea, anasimama, anabonyeza. Anatembea, anasimama. Nikaogopa! Waliopima hivyo mara ya mwisho walibomoa nyumba sita wakapitisha barabara. Nikambeba mtoto, nikakimbia mbele yake mlango kwa mlango: "Wanapima! Ficheni!" Watu wakafunika maganda kwa majani ya migomba.

Wiki tatu Ambokile alizunguka. "Mbona nanusa, lakini sioni?"

Akafika kwa Bibi Sekela, mwenye lundo kubwa kushinda wote.

"Shikamoo, bibi. Na hapa hakuna maganda?"

"Marahaba. Pua unayo ya urembo?" Bibi akavuta majani. "Tia alama. Yote yangu."

Wengine waliposikia, wakafunua mmoja mmoja. Ramani ikajaa alama nyekundu, na kwa ramani hiyo wilaya ikatuletea mtambo wa kugeuza maganda kuwa gesi ya kupikia. Mmoja tu.

Ambokile akasema, "Nimetembea mpaka nyayo zimepasuka. Mama yangu macho yamekwisha kwa moshi wa kuni. Uende kwake."

Bibi Sekela akasema, "Bila mimi ungechora kijito cha peponi! Lundo langu ndilo kubwa. Uwekwe kwangu, uchafu upungue."

Ambokile akamkatiza, "Lundo kubwa limekuwa sifa, bibi? Si wewe uliyetunywesha?"

"Nimekunywesha, na nimesema. Wenzangu je?"

Wakanigeukia. Nikasema harakaharaka: "Niliyewatisha watu ni mimi, najua. Lakini ninyi mnamwaga, mimi nakunywa. Kuni naokota mtoto mgongoni, maji yanachemka mara moja kwa siku, hayatoshi. Nipeni huo moto. Maganda nitapanda kuyabeba mwenyewe."

Mtambo bado umefunikwa turubai, kijiji kinabishana. Nami kila asubuhi nachuchumaa kijitoni, nachota kwa viganja, natafuta kokoto. Sizioni.

Haya, ninyi mnaosikiliza, mngeuweka kwa nani: kwa aliyekitembea kijito chote, kwa aliyekichafua akakiri, au kwa anayekinywa? Je, nani alistahili?