Saa Mia Tatu za Kusikiliza

Kulikuwa na binti mmoja aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili ya saikolojia. Chuoni wanafunzi walipewa njia mbili: wengine wafanye utafiti, wengine wajifunze kutibu. Yeye akachagua kutibu. Wakampeleka hospitali ya wilaya, wakamwambia, "Ukitimiza saa mia tatu za kuwasikiliza wagonjwa, umemaliza."

Basi akaletewa mama mmoja ambaye mwanawe alitumbukia kisimani akafa. Wiki ya kwanza yule mama alikaa, akatazama sakafu, akaondoka. Ya pili hivyo hivyo. Wiki saba, wapendwa, hakutamka neno juu ya mtoto wake. Na binti, tumpe haki yake, alimvumilia kweli.

Wiki ya nane mama aliingia, akavua viatu, akasema, "Leo nitakuambia ilivyokuwa pale kisimani. Hata mume wangu sijamwambia."

Binti akatazama fomu yake ya kuhesabia zile saa mia tatu. Msimamizi alikuwa ameshaisaini asubuhi ile.

"Samahani mama," akasema. "Mimi nimemaliza mazoezi yangu. Jumatatu atakuja mwenzangu, utamweleza yeye."

"Huyo mwenzako ananijua?"

"Atasoma faili lako."

Mama akavaa viatu. "Haya, mwanangu. Hongera kwa masomo."

Jumatatu hakuja. Hakuja tena. Binti alifaulu kuliko wenzake wote, na yule mama hajamwambia mtu mpaka leo.

Nawaona mnatikisa vichwa. Mmemkasirikia binti, siyo? Mnasema, msomi gani huyu asiye na utu? Ngojeni kwanza. Mwezi wa pili tulimzika mume wa mama yetu anayekaa kule nyuma ya kiwanda cha matofali. Tulijaa! Tuliimba, tulipika, tulilala matanga siku tatu. Siku ya nne tukakunja maturubai, tukarudisha viti vya kukodi. Nani kati yetu amepiga hodi kwake tangu siku hiyo? Nauliza. Wazee wa kanisa? Kwaya? Akina mama?

Mbona mnatazamana?

Na mimi msinitazame hivyo. Jumapili iliyopita mjane huyo alinishika mkono pale mlangoni, akasema, "Mchungaji, nina jambo." Nikamwambia, "Baada ya ibada ya pili, mama." Ibada ya pili ilipokwisha nilipanda gari, nikaenda kula.

Leo nimemtafuta kwa macho tangu wimbo wa kwanza. Hayupo.