Muhuri Ndani ya Koti

Wapendwa, kabla sijasema lolote, kila mmoja aweke mkono kifuani aape: neno hili haliendi sokoni. Haya. Mama Tumsifu, na wewe, toa mkono kwenye mkoba. Asante. Na mimi niliapishwa hivyo hivyo nisimwambie mtu, na sasa nawaambia watu tisini pamoja na kwaya.

Kulikuwa na bwana mkubwa mmoja, Mwingereza, zamani zile za malkia mjane wa nguo nyeusi. Lodi. Yaani cheo hakukitafuta, alizaliwa amekikalia. Akiwa na miaka ishirini na mbili aliingia bungeni, maana wapiga kura wote walikuwa wapangaji wa baba yake. Nani angethubutu kumnyima kura? Baba akafa, akahamia bunge la malodi wenzake, akawa waziri. Akakabidhiwa muhuri wa wizara, mzito kama mchi. Karatasi ikigongwa muhuri huo, watu wa nchi asizowahi kuziona wanahamishwa mashamba yao.

Sasa huyu bwana alikuwa na neno moja: nimechoka. Asubuhi nimechoka, bungeni nimechoka. Mkewe alibaki shamba, ameweka viti viwili chini ya mitofaa, chake na cha mume. Kila baridi ikiisha anamuuliza:

"Baba, mwaka huu unarudi?"

"Mke wangu, mgongo huu si wangu tena. Nimalizie waraka mmoja tu."

Waraka mmoja, miaka thelathini! Kiti cha mume kikaoza bila kukaliwa. Je, mama zangu, mnawajua wanaume wa namna hiyo? Msijibu, wengine wamekaa hapo nyuma.

Mwishowe serikali yake ikaanguka. Desturi yao, waziri anayetoka anarudisha muhuri kwa mkono wake mbele ya baraza. Wakakusanyika. Mkewe naye akaja na gari la farasi, masanduku yamefungwa, kofia ya safari kichwani, akaingia kumngojea mlangoni. Karani mkuu akafungua kisanduku cha muhuri. Kitupu.

"Muhuri uko wapi, mheshimiwa?"

"Muulizeni huyu." Akamnyooshea kidole mtumishi wake mzee, aliyembebea kisanduku hicho miaka ishirini. "Mimi nimechoka, vitu vidogo sivikumbuki."

Mzee wa watu akamgeukia. "Bwana, sijawahi hata kukifungua."

Askari wawili wakasogea.

Mke, maskini, hakusikia kingine ila lile nimechoka. Akamwendea. "Lete koti nikubebee, baba."

"Acha!"

"Lete tu, umechoka."

Koti likawaponyoka. Likagonga sakafu, ko! Jamani, sufu inalia hivyo? Muhuri ukatoka mfukoni, ukabingirika taratibu mpaka miguuni kwa waziri mpya. Hakuna aliyeuokota. Mke akamgeukia yule mtumishi.

"Twende wewe, mzee. Nitachongesha kiti kingine."

Na sisi je? Tunalia uchovu wa vyeo mpaka watu watuonee huruma, na huku tumeving'ang'ania. Aliyechoka huweka mzigo chini. Asiyeuweka hajachoka, amenogewa! Waliochoka ni wale wanaotungojea nyumbani, na wale tunaowasukumia kosa letu. Mungu anawaona hao. Sisi tunaonekana lini?

Jumapili iliyopita nilisimama hapa hapa nikaaga uenyekiti wa jiko la kanisa, kwa sababu ya maumivu ya magoti. Mkanililia, mkanipa kitenge. Ufunguo wa stoo ukatafutwa wiki nzima, na binti wa watu, Nsia, tuliyepika naye, akatazamwa vibaya kama mwizi...

Mama Tumsifu, mbona unanionyesha shingo? Kamba? Kamba gani?

Haya. Msicheke, wanangu. Nsia, njoo mama, univue wewe mwenyewe kamba hii na ufunguo wake, wote wakiona.