Togwa ya Uzinduzi

Kiwanda cha nguo cha Bwana Mafuru kilimwaga maji ya rangi mtoni kupitia bomba nene, na juu ya bomba hilo kikasimamisha bango: "Maji Yetu, Rafiki wa Mto." Ilikosekana sura ya mwanakijiji tu ya kulithibitisha.

Mafuru akamwita Nyanjige, muuza togwa wa pale getini. "Siku ya uzinduzi wa bango utawaambia wageni maji yetu ni salama. Ukikataa, kibanda chako nakivunja."

"Nikatae nini, bosi? Na togwa nitawapikia. Maneno matupu hayashibishi."

Siku ikafika. Wageni walijaa, na waandishi, na afisa mazingira wa wilaya. Nyanjige akagawa vikombe, kisha akampigia Mafuru goti na kata iliyojaa.

"Onja wewe kwanza, baba. Kwetu mwenye shughuli hutoa sumu, ndipo wageni wanywe."

"Inanukia! Lakini umepikia maji gani?"

"Kuna mengine, baba, zaidi ya haya ya bomba lako? Si rafiki wa mto?"

Kata ikagoma kufika mdomoni. "Mimi… nina vidonda vya tumbo."

"Hata funda moja? Watu wanakungoja."

Mafuru akaitua chini. Wageni nao wakatua vikombe, na afisa akaagiza bomba lizibwe siku ileile.

Jioni, kibandani, Nyanjige alijimiminia togwa iliyobaki. Jirani yake akapiga ukelele: "Utakufa, shoga!"

"Nife kwa maji ya kisima?" Nyanjige akajifuta mdomo. "Ya bomba lake hata mbuzi wangu simpi."