Kazi Aliyoiomba Nakijwa

Mtu mmoja alikuwa na binti, na binti huyo alikuwa na kiu ya kumtumikia Mungu. Baba aliitwa Mbonea, mwashi aliyejenga nyumba nyingi za kijiji chao kule Upareni. Binti aliitwa Nakijwa. Mbonea alipopigwa na kiharusi, upande wake mmoja ukafa, naye akawa mtu wa kitandani. Nakijwa akarudi nyumbani kumwuguza.

Kazi yenyewe mnaijua. Kupika uji, kumlisha mgonjwa, kumwosha, kufua mashuka, kumgeuza ubavu ili ngozi isioze. Ukimaliza, unaanza tena. Nakijwa aliifanya, lakini aliifanya kama mtu aliyesimama kituoni akingoja gari. Watu walipomwuliza siku hizi anashughulika na nini, alijibu kwamba hana kazi, yupo tu na mzee. Na kila ibada, wenye haja walipoitwa mbele, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kupiga magoti. Alimwomba Mungu ampe kazi yake, hata iwe ndogo. Mashuka yalikuwa yamelowekwa kwenye beseni nyumbani, na yeye yuko madhabahuni anaomba kazi. Ndugu zangu, Mungu naye amjibuje mtu kama huyo?

Aliona Mungu amekawia. Akafunga safari kwenda mlimani, kwenye maombi ya kufunga, akakaa huko siku kadhaa. Mzee alimwachia jirani, Mama Nazaeli. Mama wa watu alikuwa na watoto wake na shamba lake, lakini alikuja asubuhi na jioni, akamnywesha uji. Kumgeuza hakuweza. Mbonea alikuwa na mwili mkubwa, na mama huyo alikuwa peke yake.

Nakijwa akarudi macho yamevimba kwa kulia, midomo imepasuka kwa kufunga. Harufu ilimpokea mlangoni. Alipofunua shuka akaona kidonda nyongani mwa baba yake, kimechimbika hadi mnofu ukaonekana. Akaogopa. Na alipoogopa akafanya alilolizoea: akaanguka magotini kando ya kitanda, akamwekea baba mikono, akaomba kwa sauti kuu. Akakemea ugonjwa, akamkemea shetani, akawakemea maadui ambao hata majina yao hakuyajua. Akaomba muda mrefu, na mzee muda wote huo amekilalia kidonda.

Tangu augue, ulimi wa Mbonea ulikuwa mzito, na kila neno lilimgharimu. Alisubiri binti avute pumzi, kisha akasema:

"Nakijwa, mwanangu, Mungu amekwisha sikia. Sasa nigeuze."

Kwanza Nakijwa alikasirika. Alikuwa ameteremka mlima mzima bila chakula tumboni, na hayo ndiyo mapokezi yake. Lakini aliinuka, akapitisha mikono chini ya mgongo wa baba yake, akamgeuza. Akachemsha maji, akatia chumvi, akaosha kile kidonda taratibu, huku mzee ameuma shuka kwa maumivu. Alipomaliza, Mbonea alishusha pumzi ndefu, akalala. Nakijwa akabaki amesimama na beseni la maji machafu mikononi, na moyo wake ukatulia. Utulivu ule ndio aliokuwa ameupigia kelele mlimani asiupate. Hakutaka kutoka mle chumbani.

Kidonda kilichukua miezi kufunga, na katika miezi hiyo hakuna aliyemsikia tena akisema hana kazi. Mbonea hakupona, alifariki baada ya mvua za masika. Wazee waliouosha mwili wake walisema ngozi ilikuwa nzima, kama ya mtu aliyeugua siku moja.

Basi ninyi mnaokuja kunigongea mlango kila wiki, mnataka niwaambie Mungu amewaitia kazi gani: huko nyumbani mlikotoka, ni nani mmemwacha amelalia kidonda?